Hazina za Kware
Kitambua-metali, yaani fimbo yenye koili inayotoa uga wa sumaku na kulia uga huo unapokutana na metali iliyofukiwa, husifiwa Uingereza kuwa burudani ya familia; lakini Kware, mtaa uliorithi jina la machimbo ya mawe na ambako ua wa nyumba huishia mlangoni, kingelia bila kupumua kwa misumari na vizibo vya soda. Huko watoto huburuta sumaku ya spika mbovu kwa kamba, na skrepa, yaani vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo, biashara ambayo Rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliisimamisha Januari 2022 baada ya minara ya njia ya umeme ya Kiambere–Embakasi kuanguka, wizi wa vyuma vyake ukishukiwa, ingawa mnara haujawahi kuonekana ukifuata kamba ya mtoto.