Muulize Shangazi: Diskasheni Imetushinda

Wapwa zangu, Oktoba imefika, upepo wa Mtera unataka kuning'olea turubai la kibanda, na barua zimejaa kwenye beseni la perege. Karibu zote ni za kidato cha nne. Safari hii hakuna hata moja ya mume aliyetoroka, kwa hiyo nadhani pepa la Jiografia linatisha kuliko ndoa. Nimezifuta shombo, nazijibu.

*Shikamoo Shangazi. Kundi letu la diskasheni lina watu watano. Mmoja ni mtoto wa mvuvi. Kila siku anachelewa, na akifika anasinzia. Sisi wanne tunapiga msuli kwelikweli: tumekariri Mamlaka ya Bonde la Tennessee yote, kuanzia 1933 mpaka viwanda vya mbolea. Juzi mwalimu akaulizia bwawa la Mtera. Tukabaki tunatazamana. Yule msinziaji akajibu mpaka kengele ikalia. Tumfukuze au tumvumilie? Ni mimi, Kipanga Aliyedondoka, Chipogolo.*

Marahaba, mwanangu. Yaani mnataka kumfukuza mwenye kitabu ili mbaki na jalada?

Tennessee sijafika, na sina neno nayo. Rais Roosevelt wa Marekani aliianzisha hiyo mamlaka mwaka 1933, shikeni hapo, alama zipo. Lakini mara ngapi mmepita juu ya ukuta wa bwawa kwenda Migoli, mkashindwa kujiuliza hata swali moja? Basi nawauliza mimi. Bwawa letu likijaa linatandaa zaidi ya kilomita za mraba 600, na mitambo yake ni ya megawati 80. Kidatu, kule chini, kina bwawa ambalo ukililinganisha na hili ni karai, lakini kina megawati 204. Kwa nini?

Kwa sababu umeme haujali upana wa maji, unajali yanaanguka kutoka wapi. Kidatu maji yanaporomoka parefu zaidi. Mtera ni ghala. Mto Ruaha Mkuu hufurika wakati wa mvua na kunywea kiangazi, na mitambo ya Kidatu, iliyoanza mwaka 1975, haiwezi kula kwa msimu mmoja na kulala njaa mwingine. Ndiyo maana bwawa hili likajengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, litunze maji na kuyaachia kidogo kidogo. Mitambo ya hapahapa Mtera ilikuja baadaye, mwaka 1988. Kwa miaka hiyo yote ya kati tulikuwa tunamwekea jirani maji ya kuoga.

Sasa chukueni kalamu. Likijaa kabisa, uso wa maji uko mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi 690, mitambo inatakiwa kusimama. Toeni wenyewe: mita nane na nusu tu ndizo za kutumia. Maji yametandazwa kama kwenye sinia, chini ya jua la Dodoma, na jua linakunywa kwanza, TANESCO wanafuata. Mwaka 2006 ukame ulilishusha bwawa vibaya, nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme, vinyozi wakashika tena mkasi. Mkiulizwa madhara ya kutegemea umeme wa maji, msikimbilie Marekani.

Na mkiulizwa maji yameenda wapi, msiseme "mabadiliko ya tabianchi" halafu mkaweka nukta kama mmemaliza kazi. Pandeni na mto. Ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mto huu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, viboko wanabanana kwenye vidimbwi. Juu yake kuna Usangu, kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji na mifugo, kuna ardhioevu ya Ihefu. Halafu shukeni nao: ukitoka kwetu unapita Kidatu, unaingia Rufiji, unafika Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Hilo bonde moja linatosha insha nzima, na nauli yake ni bure.

Kuhusu huyo msinziaji: anasinzia kwa sababu usiku alikuwa majini, wakati ninyi mnaota Tennessee. Hamishieni diskasheni saa kumi jioni, kabla hajaenda kutega. Mwacheni aongee kwanza, ninyi muandike. Yeye anajua maji yamerudi nyuma kiasi gani, maana ndiye anayesukuma mtumbwi kwenye tope. Na mmwombe radhi. Samaki anaowatega usiku ndiyo ada yake.

(Imenifikia pia barua ya kundi moja, sitalitaja, lililoandika kuwa Mtera ni ziwa la bonde la ufa. Jamani! Wazee walioujua mto kabla maji hayajapanda bado wanakuja kibandani kwangu kunywa chai.)

*Shangazi, nilimwomba baba pesa ya protrakta ili nipime beringi kwenye ramani. Baba ni fundi pikipiki. Akaniletea beringi mbili mpya za gurudumu la mbele, na grisi. Nikaazima protrakta. Sasa mvulana mmoja wa kundini kanipa kikaratasi: "Kutoka dawati langu, moyo wangu uko nyuzi 070." Nimepima. Ni mimi. Nimjibuje? Nyuzi Sabini, Mvumi.*

Beringi muuzie bodaboda, upate protrakta na chenji ya rula. Baba usimwambie kitu, amekupa kwa mapenzi.

Kijana mjibu kwa tarakimu tatu tu: 250. Beringi ya kurudi, mwanangu: ikiwa chini ya 180 unajumlisha 180, ikizidi unatoa. Akielewa, ana akili. Akitoka darasani kwenda kukutafuta upande wa Iringa, huyo anahitaji marudio kabla ya mapenzi. Na muulize amepima kutoka kaskazini ipi. Kaskazini ya sumaku huhamahama mwaka hadi mwaka, na wanaume wa namna hiyo tunao wa kutosha.

*Shangazi, tukibishana kwa Kiswahili hata wapita njia wanasimama kusikiliza. Lakini pepa ni Kiingereza. Mwenzetu aliulizwa kwa nini Dodoma ni kame. Alijua ni kivuli cha mvua, akakitafsiri kichwani, akaandika kwamba Dodoma iko chini ya mwavuli. Mwavuli Umetuponza.*

Nimecheka, kisha nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nilipata D ya Jiografia, zile alama za 30 hadi 44, na mpaka leo naweza kukuambia mvua itanyesha lini kwa kunusa. Mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mkaingia kidato cha kwanza mkakuta mito na milima yote imebadilishiwa majina. Kosa hilo si lenu, ila alama zitakazopotea ni zenu.

Bishaneni kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo liingie: pepo zinatoka Bahari ya Hindi na mzigo wa unyevu, zinapandishwa na milima ya mashariki, Uluguru, Udzungwa, Rubeho, zinautua mzigo huko, zinatufikia sisi mikono mitupu. Kwa hiyo Dodoma inaambulia milimita 570 hivi kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Likishaingia, nusu saa ya mwisho kila mtu aandike sentensi moja ya Kiingereza, asomewe na wenzake, wamcheke hapohapo. Kicheko cha kundini hakipunguzi alama.

*Kuna kaka anauza pepa lililovuja, kwa simu. Tuchange? Msiri.*

Hapana. Likiwa la uongo, mmeliwa. Likiwa la kweli, Baraza la Mitihani linafuta matokeo.

*Dada Shangazi, mwanangu analeta wenzake wanne kujisomea, taa ya sola ni moja. Wanamaliza ugali wa uwele na sufuria la mlenda, na ninachosikia ni vicheko tu. Nitajuaje kama wanasoma? Mama Mwenye Sufuria.*

Mama, pole. Kabla hujapakua, wape karatasi wachore ramani ya kutoka jikoni kwako hadi chooni, bila kuangalia. Tafuta vitu vitano: kichwa cha habari, fremu, skeli, ufunguo, na mshale wa kaskazini. Kila kinachokosekana, punguza tonge. Wakisahau kaskazini, ondoa mlenda wote, wale kavu.