Wakala wa Msimbo na Funguo Tatu za Kikoba

Wakala wa msimbo ni programu ya akili mnemba inayopokea agizo kwa maneno ya kawaida, ikasoma mafaili ya programu nyingine, ikayarekebisha, ikayajaribu, kisha ikatoa taarifa kwa adabu ya karani aliyeajiriwa wiki iliyopita. Mtangulizi wake, GitHub Copilot ya mwaka 2021, alikuwa mpole: alimalizia mstari wa mtu, akanyamaza. Mawakala waliotoka mwaka 2025, Claude Code ya Anthropic ikiwa mojawapo, hawasubiri. Mtu huagiza "rekebisha sehemu ya mikopo", akatoka kwenda kununua maandazi, na akirudi anakuta mafaili 14 yamebadilika.

Huko Terrat, kata iliyo kusini mwa Jiji la Arusha, mkosi huanzia kwenye jina. Wakala anayefahamika ni yule wa pesa za simu kibandani, mwenye mwavuli, simu tatu na daftari, anayeulizwa kutwa kama ana floti. Mtengeneza programu anayetamka hadharani kwamba ana wakala ndani anayefanya kazi usiku kucha hugongewa mlango saa tano usiku na jirani anayetaka kutoa elfu ishirini. Neno "kodi", ambalo vijana wa kompyuta hulitumia kwa kile wanachokiandika, lina hatari zaidi. Mpangaji anayemwambia mama mwenye nyumba kwamba hajalala siku mbili kwa ajili ya kodi hujijengea heshima isiyo yake, nayo hudumu hadi tarehe moja. "Msimbo" ni neno gumu mdomoni, lakini halijamtoa mtu chumbani. Kuhusu tokeni, kipimo ambacho kampuni za akili mnemba hukitumia kuuza huduma zao, itoshe kusema kwamba tokeni za wakala na za luku, yaani za umeme, zinaweza kuisha usiku mmoja katika nyumba moja, na ni za luku tu zinazoozesha nyama kwenye friji.

Kuandika msimbo ni nusu ya kazi anayopewa wakala. Nusu ya pili ni kuutunza usanifu: kuuweka kwenye maandishi na kuhakikisha kwamba kilichoandikwa na kilichojengwa ni kitu kimoja. Usanifu wa programu ni yale maamuzi ambayo kuyabadili baadaye ni gharama: sehemu ipi izungumze na ipi, taarifa zikae wapi, nani aruhusiwe kuzigusa. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Arusha hujengwa kwa awamu. Kwanza chumba na sebule, kisha vyumba viwili vya uani mwaka ambao mahindi yamepata bei, kisha fremu ya duka upande wa barabara. Ramani ya mwanzo hubaki kwenye bahasha. Bomba linalopita chini ya sakafu ya jiko hujulikana na fundi aliyelilaza, naye amehamia Babati. Programu hukua vivyo hivyo, ila nyingi hazina hata hiyo bahasha.

Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway alieleza kwamba taasisi inayobuni mfumo hutoa mfumo wenye umbo la mawasiliano ya taasisi yenyewe. Ushahidi hauko mbali. Chukua programu ya kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, chenye wanachama 30, ambayo ndiyo itakayotumika hapa kama mfano. Katibu na mhazini wamenuniana tangu Krismasi kwa sababu ya sufuria iliyoazimwa ikarudi haina mfuniko. Basi programu ina orodha mbili za wanachama, moja ya mahudhurio na moja ya fedha, na hakuna orodha inayoijua mwenzake.

Hata hivyo kikoba kinaujua usanifu kuliko kinavyodhaniwa. Kina katiba. Kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, ili lisifunguke mpaka wote wakutane mbele ya wanachama. Kwa lugha ya wasanifu wa programu, hiyo ni kanuni ya kwamba fedha haina njia ya mkato. Programu huiiga kwa kudai idhini tatu kabla mkopo haujatoka, na kwa kuliruhusu faili moja tu, lile la sanduku, kuandika kwenye kanzidata ya fedha. Tatizo ni kwamba mara nyingi kanuni hii haikuandikwa popote. Iko kichwani mwa aliyeitengeneza programu, na siku hiyo yuko msibani Karatu.

Wakala akiambiwa "kutoa mkopo kuna hatua nyingi, punguza", huzihesabu hatua, huona tatu zinafanana, huziondoa zote tatu na kuandika moja kwa moja kwenye kanzidata. Majaribio yote yanapita, kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika jaribio la kuiba. Taarifa inasema mchakato sasa ni mwepesi na rafiki kwa mtumiaji. Mwanachama anayelifanyia sanduku la mbao jambo hilohilo huitiwa mgambo.

Dawa ya siku zote ni nyaraka. Mwaka 2005 Gernot Starke na Peter Hruschka walitoa arc42, kiolezo cha kuandikia usanifu mzima. Mwaka 2011 Michael Nygard akapendekeza kitu chepesi zaidi: waraka mfupi kwa kila uamuzi, unaosema mazingira yalikuwaje, kiliamuliwa nini, na matokeo yake ni yapi, mazuri na machungu. Mapendekezo yote mawili ni mazuri, na yote mawili yanakutana na ugonjwa mmoja. Msimbo hubadilika Jumatatu, waraka hubaki ulivyokuwa Ijumaa. Baada ya mwaka mmoja waraka unaeleza programu ambayo haipo.

Kwa miaka mingi ugonjwa huo haukumdhuru mtu, kwa sababu nyaraka hazikusomwa. Kijana mpya alikabidhiwa kurasa 60, akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kumuuliza mwenzake. Kilichobadilika sasa ni kwamba amepatikana msomaji. Wakala husoma kila kitu, hadi maelezo ya pembeni yaliyoandikwa na mtu mwenye njaa, na huyaamini. Waraka uliochakaa, ambao zamani ulikuwa karatasi tu, umegeuka kuwa agizo.

Namba za simu zinaonyesha hilo vizuri. Katika programu nyingi za Tanzania namba moja huandikwa kwa sura tatu: ikianza na 0, ikianza na 255, au ikianza na alama ya kujumlisha mbele ya 255. Tuseme waraka wa zamani wa kikoba unasema namba zianze na 0. Baadaye programu ilihamia 255 ili iweze kutuma ujumbe mfupi, na waraka haukuguswa. Wakala anayekuja kuweka mambo sawa husoma waraka, huona msimbo umekosea, na huurudisha kwenye 0, lakini katika nusu tu ya mafaili, kwa kuwa nusu nyingine hakuambiwa aifungue. Kuanzia hapo mama mmoja mwenye simu moja ni wanachama wawili. Akijisajili upya kwa alama ya kujumlisha, ni watatu. Siku ya kugawana hisa anaitwa mara tatu, anaitikia mara tatu, na si yeye anayepeleka malalamiko.

Saa ni kisa kikubwa zaidi, na kinastahili kuelezwa polepole. Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, wakati Mswahili huanza jua linapochomoza. Kati yao kuna saa sita. Mkutano wa kikoba uko saa tatu asubuhi. Kanzidata inautunza kama 09:00, na kabla ujumbe haujatumwa, mstari mmoja wa msimbo hupunguza sita ili wanachama wasome "saa 3:00 asubuhi". Mstari huo hauna maelezo. Aliyeuandika aliona ni jambo ambalo kila mtu analijua, na kwa kila mtu wa Terrat alikuwa sahihi.

Wakala ana elimu ya vitabu. Anajua kwamba Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa. Anaona msimbo unapunguza 6. Anatafuta sababu kwenye nyaraka, haioni, na anahitimisha kama mwanafunzi hodari: hapa mtu alitaka kuandika 3, mkono ukateleza. Anarekebisha, anaandika "nimesahihisha kosa la majira", na Jumamosi wanachama 30 wanapata ujumbe wa kufika saa 6:00 asubuhi.

Saa sita asubuhi haipo. Kila msomaji basi huitafsiri kwa akili yake. Wenye simu janja wanaamua ni ile sita ya Kizungu, wanafika saa kumi na mbili alfajiri na mablanketi, baridi ya Mlima Meru ikiwa bado haijapanda kurudi kwake. Wazee wanaelewa ni saa sita mchana na wanafika wameshakula. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kusoma ujumbe mfupi tangu anunuliwe simu, anafika saa tatu kama kawaida, anawakuta wa alfajiri wameondoka kwa hasira na wa mchana hawajatoka nyumbani. Washika funguo watatu wameangukia katika makundi matatu. Sanduku halifunguki siku nzima. Kwa upande wa usalama, ndiyo siku ambayo kanuni ya funguo tatu ilifanya kazi kwa ukamilifu.

Ni rahisi kumlaumu wakala, lakini kwa haki kosa lilikuwa la ule mstari ulioachwa bila sababu. Waraka wa aina ya Nygard, sentensi nne tu, ungetosha: wanachama husoma saa za Kiswahili, tumeamua kupunguza 6 wakati wa kuonyesha, kanzidata isiguswe, asiyejua aulize. Wakala angeusoma na kuutii. Tofauti yake na binadamu ni kwamba haoni haya kusoma maelekezo.

Mahali pa kuweka maelekezo hayo panajulikana. Mawakala wengi hutafuta faili liitwalo AGENTS.md, au CLAUDE.md kwa Claude Code, na hulisoma mwanzoni mwa kila kikao, kwa sababu kikao kipya huanza bila mazungumzo ya jana. Kila asubuhi ni fundi mpya mwenye vyeti vilevile. Faili hilo linapaswa kuwa fupi. Wapo wanaojaza humo historia ya kikundi, malengo, shukrani na namna ya kutaja majina ya viongozi. Wakala huyabeba yote kichwani, na kanuni ya sanduku hufukiwa chini ya vyeo.

Maandishi pekee hayatoshi, kama katiba ya kikoba inavyoshuhudia. Kanuni ya faili la sanduku inahitaji jaribio linalojiendesha, linalokataa mabadiliko yoyote iwapo faili jingine limeigusa kanzidata ya fedha. Wanaotumia Java wana ArchUnit kwa kazi hiyo. Wengine huandika mistari michache ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Hapo inabidi kuwa macho, maana wakala aliyebanwa na jaribio wakati mwingine hulirekebisha jaribio lenyewe ili lipite, sawa na mshika ufunguo anayekwenda kwa fundi kuchonga wa pili. Mafaili ya majaribio hayo yafungwe.

Kumwachia wakala aandike nyaraka peke yake ni mkasa mwingine. Akiombwa kuieleza programu hutoa kurasa 40 juu ya "mfumo imara, wa kisasa na unaopanuka kwa urahisi", naye anazungumzia kompyuta mpakato moja iliyo chini ya kitanda. Mahali pa ofisi anaandika Terrat, Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara. Kata ya jina hilo ipo kweli huko, ila si hii. Kilichopo kwenye msimbo hukieleza vizuri sana, pengine kuliko mwenye msimbo. Sababu ya kuwapo kwake huibuni. Faili la risiti likiitwa "mchele", huandika bila kusita kwamba ni kifupisho cha Mfumo wa Cheti cha Leseni, ingawa kikoba hakijawahi kutoa leseni. Faili liliitwa hivyo kwa sababu liliandikwa mchana, na jirani alikuwa anapika.

Anachofaa zaidi ni kutumwa kama mkaguzi: soma waraka, soma msimbo, orodhesha vinapopingana, usirekebishe kitu. Kazi hiyo, ambayo binadamu huichoka ukurasa wa tatu, yeye huimaliza maji ya chai hayajachemka. Katika programu ya kikoba atagundua kwamba mkopo una majina matatu, "mkopo", "loan" na "lonu", na kwamba mchoro wa usanifu unaonyesha seva iliyouzwa. Mchoro wenyewe ukiandikwa kwa Mermaid, lugha ya kuchora kwa maandishi iliyoanza mwaka 2014, anaweza kuusoma na kupendekeza masahihisho pamoja na msimbo, badala ya kuachiwa picha iliyopigwa ubaoni.

Ukaguzi huo hugundua pia orodha mbili za wanachama. Wakala hupendekeza ziunganishwe, na kwa msimbo ni kazi ya dakika kumi. Katibu na mhazini wameulizwa mara nne. Kwenye nyaraka za kikoba hilo ni uamuzi namba 9, na sehemu ya hali imejazwa: unasubiri mfuniko.