Barua ya Wazi kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Ustawi wa Jamii,
Afisi ya Kaunti Ndogo,
Ghorofa ya Pili (lifti ni mbovu).

KUH: OMBI LA RUHUSA YA KUBADILISHANA WAZAZI

Mheshimiwa,

Natumai u mzima na kiti chako bado kinazunguka vizuri. Sisi huku Mombasa hatujambo, ila baba, ambaye upande wake wa kulia ulilala baada ya kiharusi na haujaamka hadi leo. Habari hiyo si ngeni kwenu, kwa kuwa ina faili: ombi lake la fedha za Inua Jamii, mpango wenu wa kuwasaidia wasiojiweza. Faili, naambiwa kila nikiuliza, linashughulikiwa, nami najua shughuli nzito haitaki pupa.

Kwanza pokea pongezi zangu kwa umakini wa vijana wako. Yule aliyekuja kutupima umaskini alikuwa na adabu zake: alivua viatu mlangoni, akakataa chai, akafungua tableti. Paa? Mabati. Taa? Stima. Sakafu? Hapo akainama, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaandika: saruji. Sakafu hiyo aliimwaga baba mwenyewe kwa masalio aliyokuwa akipewa kazini, maana alikuwa fundi mwashi. Sikujua kumbe alikuwa akitumwagia utajiri. Angejua kiharusi kiko njiani, angetuacha kwenye udongo, nasi leo tungehesabika.

Kisha likaja baraza la chifu, majina yakasomwa hadharani ili majirani waseme nani maskini kweli na nani anaigiza. Mzee mmoja akasimama akasema baba alimjengea choo akamwambia alipe akipata. Mwingine akasema kwetu kuna televisheni. Ule wema haukuwa na kisanduku kwenye fomu. Televisheni ilikuwa nacho.

Na siku ya alama za vidole sitaisahau. Mliagiza mwombaji afike mwenyewe, tukafika. Tuktuk ilitushusha langoni, vijana wawili wa boda boda wakambeba baba ngazi zote akiwa juu ya kiti cha plastiki, kofia yake ya kufuma ikimwangukia usoni. Mkono wa kulia umekunja ngumi na haufunguki, kwa hiyo karani akaomba wa kushoto. Kidole gumba kikawekwa kwenye mashine, kikakataliwa. Kikapanguswa, kikakataliwa. Karani akakipulizia kama anayewasha jiko la makaa, kikakataliwa tena. Chokaa na saruji zilikwisha kuila mistari yote. Akaniuliza, tena kwa upole, kama mzee hana vidole vingine. Baba, ambaye maneno yake siku hizi hutoka nusu, akacheka mpaka akakohoa. Tukaambiwa turudi mashine nyingine ikiletwa.

Sasa niingie kwenye masharti yenu, ambayo nimeyasoma usiku. Usiku mimi huwa macho, kwani mgonjwa wa aina hii hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo vidonda vya malazi huanza. Ndani ya Inua Jamii kuna fungu la watu wenye ulemavu mkali, yaani wale wasioweza kukaa bila mlezi wakati wote. Vyema kabisa. Kwa mgonjwa huyo na mlezi wake mmetenga shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa zaidi ya miaka kumi hakijatikisika. Unga umepanda, mafuta yamepanda, nauli imepanda. 2,000 imekaa kitako. Ningekuwa gavana wa Benki Kuu ningekuja kwenu kuomba siri ya fedha isiyozeeka. Ukiigawa kwa saa zote za mwezi hupati hata shilingi tatu kwa saa, na hapo baba hajala wala hajabadilishwa nepi.

Lakini hata hizo hatujazifikia, kwa sababu yangu mimi. Kijana wako aliniuliza kama nyumbani kuna mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi. Nikajibu yupo, ni mimi. Akasikitika. Mwenye nguvu, akasema, anatarajiwa kufanya kazi. Wakati huo nilikuwa nimemkumbatia baba kifuani nikimhamisha kutoka kitandani, na jasho lilikuwa likinidondoka juu ya ile saruji. Zamani nilikuwa nikiuza mahamri na mbaazi asubuhi. Biashara ilikufa wiki ileile baba alipoanguka, maana moto wa mafuta na mgonjwa haviangaliwi na jozi moja ya macho.

Majirani husema nachuma radhi. Ni kweli, na radhi nazitaka. Ila duka la dawa halizipokei.

Ndipo nikaigundua njia. Tangu Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa yaya na mtumishi wa nyumbani katika jiji la Mombasa ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Kwa maana hiyo, nikimlisha mzazi wa mtu mimi ni mfanyakazi, ninalindwa na sheria. Nikimlisha wangu, mimi ni mtu mwenye nguvu aliyekaa bure. Jirani yangu naye ana mama asiyeona. Tumekubaliana: yeye atamlea baba, mimi nitamlea mamake. Nitamlipa 16,000, naye atanilipa 16,000. Wazazi watakuwa wameangaliwa kama jana, lakini taifa litakuwa limepata ajira mbili.

Hazina nayo haitatoka mikono mitupu. Kwenye kila mshahara mtakata asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, bila kusahau NSSF. Noti zetu zitazunguka kati ya milango miwili, nanyi mkimega kila zikipita, mpaka ziishe. Hapo mtakuwa mmetuingiza kwenye takwimu, sisi na mamilioni ya wanawake ambao kazi yao Shirika la Takwimu lilishaipima katika utafiti wa matumizi ya muda wa 2021, likakuta tunatumia takriban mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na ulezi usiolipwa. Mkaipima, mkaichapisha, mkairudisha rafuni.

Kama ruhusa haiwezekani, kuna njia fupi zaidi. Katiba, ibara ya 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii inayofaa watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Basi fomu iwe na kisanduku cha mlezi, na mlezi alipwe kwa kuwa anafanya kazi, si asamehewe kwa kuwa ni maskini. Mashine ya vidole na ije kitandani kwa mgonjwa. Na sakafu aliyoijenga mtu akiwa mzima isigeuzwe shahidi dhidi yake akiwa kalala.

Huenda ukauona mpango wa kubadilishana wazazi kuwa upuuzi. Naukubali upuuzi wake, mradi unionyeshe ni wapi umeuzidi huu tulio nao.

Wako mtiifu,
Mtu Mzima Mwenye Nguvu

Nakala: Jirani, kwa utekelezaji.