Mwali Mwenye Mkia

Umehama. Kabati limepita mlangoni kwa kulazwa ubavu, godoro limeshatandikwa, kirikuu kimeshaondoka. Sasa ni saa nane usiku, nyumba mpya, Manundu, Korogwe, na paka wako yuko chini ya kitanda akilia kama aliyefiwa. Usimtukane. Amefiwa kweli: amefiwa na nyumba.

Katika jambo hili nipokee kama kungwi wako. Nilimhamisha paka wangu Kidoti kutoka Chanika, Handeni, kwa ile barabara ya lami, kilomita 65 hivi, akiwa ndani ya tenga la kuku nililolifunika kwa khanga. Njia nzima alikuwa kimya. Kilio alikiweka akiba ya usiku, na usiku ule hatukulala sisi wala majirani tuliokuwa hatujajuana nao hata kwa salamu. Nilichojifunza baada ya hapo ndicho ninachokupa, na nataka kikufae usiku wa leo, si wiki ijayo.

Paka aliyehamia nyumba ngeni huwekwa ndani kama mwali. Mwali hatembezwi mtaani siku aliyoingia. Ana chumba chake, ana wa kumhudumia, ana mambo ya kufundishwa taratibu, na ana siku yake ya kutolewa. Paka naye mpe chumba kimoja, usimpe nyumba nzima. Kiwe kidogo, mlango wake ufungike, wavu wa dirisha uwe mzima, na dari isiwe na tundu hata moja, kwa sababu paka mwenye hofu hukimbilia juu, na kumshusha kutoka darini ni kazi ya ngazi, tochi na dagaa wengi.

Kwa nini chumba kimoja? Jina lake lenyewe linasema: paka hupaka. Ana tezi za harufu mashavuni na kidevuni, na kila anapojisugua kwenye mguu wa meza anaacha alama yake pale. Nyumba mliyoiacha alikuwa ameipaka kwa miaka, kona kwa kona, kwa wino ambao pua yako na yangu hazijui kuusoma. Hii mpya inanuka rangi, inanuka sabuni ya deki, inanuka wapangaji waliotangulia na pengine shume wao. Giza silo linalomtisha. Mwanga unaomtosha paka kuona ni kama sehemu moja tu ya sita ya ule unaotutosha sisi. Anaiona kila kona ya chumba kile, ila hakuna kona inayomjua.

Basi mpakie wewe. Chukua kitambaa safi, msugue mashavuni polepole anapokubali kuguswa, kisha kipitishe kwenye miguu ya kitanda, kwenye fremu ya mlango, kwenye ubavu wa sanduku, kwa kimo chake yeye, si chako. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Ile khanga kuukuu aliyokuwa akiilalia usiifue hata mama mkwe akija. Itandike ndani ya boksi lililolazwa ubavu, apate pango. Chumba hicho usikidekie kwa dawa kali wiki ya kwanza, maana utafuta kwa dakika moja alichokiandika kwa siku tano.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili linaua. Watu wengi wakihamia nyumba hupulizia dawa ya kunguni na mende kwanza. Nyingi zina permethrini au ndugu zake, na permethrini kwa paka ni sumu. Chumba cha mwali kisipuliziwe, na unga wa viroboto wa mbwa usimguse kamwe. Kagua pia nyuma ya jiko na chini ya makabati kama mpangaji aliyeondoka ameacha sumu ya panya. Paka akimla panya aliyelishwa sumu, naye anaweza kufa.

Choo ni rahisi: beseni pana, mchanga au maranda kutoka kwa fundi seremala, mbali na sahani ya chakula.

Sasa jioni. Kwa maumbile paka ni mtu wa magharibi na alfajiri, na ukimwacha alale mchana kutwa kwa huzuni, usiku atakuwa na nguvu zote za kulilia. Mchezeshe. Korogwe hatuna haja ya kununua midoli, tuna mkonge. Viringisha kamba ya mkonge kwenye gogo, ulisimamishe imara, umpe mahali pa kunoa kucha, kisha kipande kingine ukiburuze sakafuni mpaka akikimbilie. Kila nifungapo kamba ile nakumbuka kwamba mkonge wenyewe ni mhamiaji. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Sitini na viwili hivyo vikashika ardhi, vikajaza mashamba ya mkoa mzima. Safari ndefu huua, na matunzo ya mwanzo ndiyo yanayoamua.

Akishachoka kucheza, mlishe. Dagaa uwaloweke kwanza wapunguze chumvi, uchanganye na ugali kidogo. Maziwa yaache, paka wengi wakubwa huwaharisha. Kucheza, kula, kulala: fuata mpangilio huo kila usiku, saa ileile. Asipogusa chakula siku mbili, hiyo si huzuni tena. Mwite bwana mifugo, na akija umwombe na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa maana paka naye huugua.

Atalia hata hivyo. Malori ya barabara ya Arusha yatapita, treni itapiga honi kwenye reli iliyofika Korogwe tangu 1902, na yeye ataitika. Ukiweza, lala naye chumba kimoja. Mwite kwa sauti ileile uliyokuwa ukimwitia kule mlikotoka, neno moja, kisha unyamaze. Usimpige, na usimfungulie mlango saa tisa usiku, maana atajua kwamba kilio ndicho ufunguo.

Asubuhi jirani atakuja na neno. Paka anayelia usiku, atasema, halii bure; kuna aliyemtuma. Usigombane naye. Mpe kiti, mpe chai, umsimulie habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, kisha akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Kisha mwonyeshe Kidoti wako chini ya kitanda, macho yamemtoka. Anayetumwa haogopi hivyo.

Mweke ndani wiki tatu. Usizipunguze kwa huruma. Paka anayetolewa mapema hutafuta nyumba ya zamani, na kati ya Manundu na Handeni kuna magari mengi mno. Chumba cha pili kifungue akishaanza kula mkia ukiwa juu, na kutoka hapo nyumba nzima.

Siku ya kumtoa Kidoti nilichagua asubuhi, kabla hajala. Nikafungua mlango wa uani, nikakaa kizingitini na sahani mapajani. Alitoka akiwa amejikunja, akanusa karo, akanusa ukuta, akafika kwenye ndoo ya maji ya jirani yule yule. Akasimama. Akalaza shavu lake kwenye ndoo, akapaka mara moja, akarudia. Nikagonga sahani kwa kijiko, akageuka akaja mbio.