Kikundi Kimezaliwa Leo

Halmashauri ikishabandika tu tangazo la mikopo ya asilimia kumi, mtaa mzima unashikwa na umoja. Watu wasiosalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa kiwanja ghafla ni wanachama waanzilishi, na kabla ya adhuhuri kikundi kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mradi utatafutwa baadaye.

Mgawanyo wa hiyo asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri uko kisheria: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na riba hakuna. Kijana siku hizi ni mpaka miaka 45, kwa hiyo usishangae kijana akija kwenye usaili kamshika mjukuu mkono.

Anayefaidika wa kwanza ni mwenye steshenari. Ana katiba moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina tu. Ndiyo maana kikundi cha batiki kina kifungu kinachomtaka mweka hazina kuchanja kuku kila mwezi. Mtendaji anagonga mhuri bila kusoma. Afisa maendeleo ya jamii anakuja kukagua mradi, na cherehani anazoonyeshwa zimeazimwa kwa fundi wa jirani, ambaye anazitaka saa tisa.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo kutokana na habari za vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Mwaka 2024 ikarejea, na taratibu mpya. Waliokuwa wakilipa walishukuru. Wasiolipa nao wamejitokeza, wana swali moja la kisheria: deni la kikundi kilichokufa linarithiwa?