Shangazi, Hakuna Aliyekufa Kapadokia

Istanbul

Shangazi mpendwa, pamoja na wote mtakaosomewa,

Dhumuni la barua hii ni kujibu ujumbe wako wa sauti, ule mrefu, ambao ndani yake mna swali moja tu lililozungushwa kila upande: huko Kapadokia ninakwenda kumzika nani?

Hakuna aliyekufa, shangazi. Wala hakuna anayeoa, anayebatizwa au anayenidai. Tunakwenda kutazama mawe. Kisha alfajiri tutapanda puto tuyatazame mawe yaleyale kwa juu, halafu turudi kazini. Najua linavyosikika hilo hapo Iringa. Kwetu mtu akionekana stendi na begi anaulizwa msiba uko wapi, na akijibu "natembea tu," watu wanakwenda kwa mkewe kuuliza kama kuna amani. Hata Istanbul sikuja kutembea. Nilikuja kufunga marobota ya nguo pale Laleli, ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Safari isiyo na robota siijui. Ndiyo maana kuieleza safari hii kumenishinda kuliko kuipanga.

Kuipanga nako usiseme. Tuko wanne, na Waswahili wanne wakikutana ugenini hawapangi safari, wanaunda kamati. Mwenyekiti ni bosi wangu, dada wa Tandika mwenye ofisi ya mizigo. Mweka hazina ni kijana wa Mombasa anayesomea udaktari. Katibu ni mimi. Mjumbe ni Mkongo wa Goma, na ujumbe wake ni kupinga. Kikao cha kwanza kiliamua tarehe ya kikao cha pili. Kikao cha pili kilipokea ahadi za michango, zikaandikwa daftarini kwa wino mzuri, na mpaka leo wino ndio kitu pekee kilichotoka.

Ajenda iliyokula muda mwingi haikuwa fedha, ilikuwa ni sababu. Kila mmoja alihitaji sababu ya kupeleka nyumbani.

Mwenyekiti alichukua biashara. Kapadokia kuna mji unaitwa Avanos, ambako wanafinyanga vyungu kwa udongo mwekundu wa mto Kızılırmak, mto mrefu kuliko yote inayoanzia na kuishia ndani ya Uturuki. Akamwambia mumewe kwamba anakwenda kuchunguza soko la vyungu. Mumewe ni mtu wa mizigo pia. Akauliza chungu kimoja kina kilo ngapi, na kikifika Dar kimevunjika nani analipa. Sababu ikafa hapohapo.

Mmombasa alichukua elimu. Chini ya ardhi ya Kapadokia kuna miji iliyochimbwa na watu wa kale. Mmoja, Derinkuyu, unashuka takriban meta 85, una vyumba, mazizi, visima, mashimo ya kupitisha hewa na hata kanisa. Adui akija, watu walishuka na mifugo yao, wakaviringisha jiwe la duara mlangoni kutokea ndani, wakamwacha juu azunguke. Inasimuliwa kwamba mwaka 1963 mtu mmoja alibomoa ukuta akitengeneza nyumba yake, akakuta chumba, na nyuma ya chumba njia, na njia ikazidi kushuka. Mmombasa alitusomea haya kwa sauti ya mhadhara, lakini nilimwona pale kwenye jiwe la mlango macho yanang'aa. Kodi yake ya nyumba imechelewa. Anataka kujua jiwe la namna ile linauzwa wapi.

Mimi nilichukua dini, nikijua nazungumza na mama mzee wa kanisa. Kapadokia imo ndani ya Biblia yako: imo Matendo sura ya pili, na imo katika mstari wa kwanza kabisa wa Waraka wa Kwanza wa Petro. Basili Mkuu, katika karne ya nne, alikuwa askofu wa Kaisaria, ambayo leo ndiyo Kayseri, mji ulio jirani. Pale Göreme kuna makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, kuta na dari zimechorwa watakatifu. Nikakutumia yote hayo, nikakaa nikisubiri baraka. Wewe ukajibu kwa neno moja la kimama: ibada ni saa ngapi? Nikatafuta. Hakuna ibada, ni makumbusho, na tiketi inakatwa getini. Najua kanisa la kulipa kabla ya sadaka hulitambui.

Mkongo alikataa kutafuta sababu. Alisema yeye ni mtu mzima.

Sasa nikueleze hayo mawe. Zile nguzo za Isimila unazifahamu, pale bondeni ukitoka mjini kuelekea Mbeya, zilizochongwa na maji zikasimama peke yake. Hizi za Kapadokia ni jamaa zake kwa upande wa maji na upepo, ila udongo wake ulitoka kwingine. Zamani sana volkano za huku, ukiwemo mlima Erciyes wenye meta 3,917, zilimwaga majivu eneo lile lote. Majivu yakashikamana yakawa jiwe laini, na mahali pengine lava ikaja juu yake ikawa jiwe gumu. Mvua ikala lile laini, gumu likabaki juu kama kofia. Matokeo ni nguzo zenye kofia, bonde baada ya bonde. Waturuki huziita dohani za majini. Hilo la majini usimfikishie mchungaji.

Jiwe lenyewe ni laini kiasi kwamba watu walichonga humo nyumba, maghala, hata vyumba vya njiwa. Njiwa walifugwa kwa ajili ya mbolea ya kupeleka kwenye mizabibu, jambo ambalo wewe na banda lako la kuku mtalielewa haraka kuliko watalii. Nilipomaliza kueleza haya kikaoni, Mkongo akasema, "Volkano ya hapa iliwapa batu manyumba. Ya kwetu ilikuya kubeba ya mama." Alikuwa anasema Nyiragongo, Januari 2002, lava ilipopita katikati ya Goma. Tukanyamaza. Akaongeza kwamba lava ilipopoa, mama yake aliagiza mawe yaleyale meusi akajengea ukuta wa ua. Mweka hazina akaona hapo ndipo pa kukumbushia michango.

Siku hizi nyingi ya nyumba hizo za mwambani ni hoteli, na chumba cha pangoni kina bei kuliko chumba cha kawaida. Mtwa Mkwawa aliposakwa na Wajerumani mpaka 1898 alilala porini na hakuna aliyemletea bili asubuhi. Kamati imeamua wanaume tulale chumba cha kawaida. Mwenyekiti atalala pangoni peke yake, kwa heshima ya cheo na kwa sababu analipa mwenyewe.

Tuje kwenye puto, ambalo ndilo linakunyima usingizi. Tutafuatwa hotelini gizani, saa kumi au kumi na moja alfajiri, maana upepo hutulia wakati huo, kabla jua halijapasha ardhi. Puto linalazwa chini, linajazwa hewa kwa feni kubwa, kisha hewa inapashwa moto na puto lenyewe linasimama. Moto unatoka kwenye mitungi ya gesi. Ndiyo, shangazi, mitungi, na iko ndani ya kikapu pamoja nasi. Wewe mtungi wako mmoja umeuweka nje ya jiko na mpira umeupitisha dirishani. Sisi tutasimama nayo bega kwa bega, moto ukinguruma juu ya vichwa vyetu, na tumelipia.

La pili: halina usukani. Rubani ana leseni, lakini anachoweza ni kupanda na kushuka. Kila kimo kina upepo wake, basi anapanda kutafuta unaokwenda anakotaka, akikosa anashuka kutafuta mwingine. Mjumbe wa Goma alisema huo ndio uendeshaji wa kamati yetu, mwenyekiti akamwamuru afute kauli.

La tatu: ruhusa hutolewa siku ileile. Kila alfajiri mamlaka ya anga inaangalia upepo na kutoa rangi. Kijani, mnaruka. Njano, mnasubiri. Nyekundu, mnarudi kulala, na hakuna puto hata moja litakaloondoka, la tajiri wala la maskini. Fedha hurudishwa au mnapewa asubuhi nyingine. Mwenyekiti, aliyezoea bandari, akauliza kama kuna mtu wa kuongea naye. Mmombasa akamjibu, "Hebu nambie, upepo utaupa shilingi ngapi?" Kwa hiyo tunalala siku tatu badala ya moja, na puto tumeliweka asubuhi ya kwanza, ili likigoma tubaki na asubuhi nyingine mkononi.

Wanauliza pia uzito wa kila abiria. Katika kazi yetu kila kitu kinalipiwa kwa kilo, basi mwenyekiti aliposikia swali hilo alifunga kikao.

Najua la bei unalisubiri. Msimu ukiwa mzuri ni zaidi ya euro 200 kwa mtu, ukiwa mbaya inashuka mpaka euro mia na kitu. Kabla hujashika kichwa: Serengeti maputo yanaruka tangu 1989, Masai Mara ya Kenya tangu 1976, na huko Serengeti utalipa zaidi ya dola 500, yaani ng'ombe mzima aliyenona. Mimi na Mmombasa tumezaliwa kwenye nchi zenye maputo, na hatumjui hata jamaa mmoja aliyeyapanda. Hapa, asubuhi tulivu, hupaa zaidi ya mia kwa pamoja. Wenye nayo wanagombania wateja, na mfunga marobota anapata upenyo. Ilibidi nivuke bahari ili niwe mtalii wa bei ya chini.

Tutakwenda kwa basi la usiku, saa kumi na moja au kumi na mbili za barabarani. Basi la huku lina kijana anayepita na chai na keki, kisha anakumiminia manukato ya limau viganjani. Ukikata tiketi peke yako hukalishwi na mwanamke usiyehusiana naye, jambo utakalolisifu. Ubaya wake ni mmoja: hakuna Ruaha Mbuyuni. Hakuna mtu atakayekimbilia dirisha na kamba ya vitunguu.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikiwa bado sina sababu ya kukupa, ndipo ukaingia ujumbe wako wa pili. Ulikuwa umeiona picha ya kikapu cha puto. Hukuuliza moto wala mauti. Uliuliza kimesukwa kwa kitu gani. Nikakujibu ni fito za kusuka, kwa sababu ni nyepesi, na puto likitua kwa kishindo zinanesa badala ya kuvunjika. Ukakaa kimya, kisha ukasema, kwa sauti ya mtu aliyesuka milulu maisha yake yote, kwamba kikapu cha kubeba watu ishirini lazima kitako chake kimefungwa kwa namna usiyoijua, na kwamba nikifika nikigeuze nikutumie picha, karibu, isitikisike.

Basi nimeandika kwenye muhtasari wa kamati: katibu ametumwa na shangazi yake. Wajumbe wote wameniona mwenye bahati, na mwenyekiti ameuliza kama naye anaweza kutumwa.

Wasalimie wote. Baba mdogo mwambie habari za bati alizoniomba ziko palepale, na picha za puto zikifika asionyeshwe zile zenye bei nyuma yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanao wa Laleli