Barua ya wazi kwa mabaraza matatu ya nyaya

Kwa Wenyeviti na Wajumbe,
VESA, HDMI Forum na USB Implementers Forum,
Marekani.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA MONITA ISIYOHITAJI MKALIMANI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtumiaji wa kawaida wa monita, mkazi wa Dar es Salaam. Sina cheo wala hisa katika kiwanda chochote, na sijawahi kualikwa kwenye kikao chenu hata cha chai. Nilicho nacho ni meza, laptopu, na droo iliyojaa nyaya zenye sura moja na tabia mbalimbali. Kwa mamlaka niliyopewa na droo hiyo, naomba kusikilizwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nanyi si wanyonge, kwa hiyo haki yenu naitanguliza. VESA ndiyo iliyoamua kwamba mgongoni mwa monita kuwe na matundu manne ya skrubu, yaliyoachana milimita 100 kwenda juu na milimita 100 kwenda kando, au 75 kwa zile ndogo. Basi. Monita iliyobuniwa Korea inakaa kwenye mkono uliotengenezwa China na kufungwa ukutani Temeke na fundi asiyejua kama VESA ni mtu au ni mji. Hakuna skrubu ya toleo la 2.1. Hakuna tundu la hiari. Kama mwandishi wa kiwango kile bado yupo kazini, mpandisheni cheo. Kama amestaafu, mrudisheni kwa mkataba.

Na thamani ya matundu hayo imethibitishwa na walioyakimbia. Mwaka 2019 Apple ilitoa monita ya Pro Display XDR kwa dola 4,999, bila mguu. Mguu ulikuwa dola 999. Asiyeutaka mguu, akataka kurudi kwenye skrubu zenu nne, aliuziwa kipande cha kuunganishia kwa dola 199. Hapo ndipo tulipojua kwamba unyoofu nao una bei.

Malalamiko yangu yanaanzia pale skrubu zinapoishia na nyaya zinapoanza. Enzi za VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, waya ulikuwa na pini 15 na skrubu mbili za pembeni. Waya ukirefuka picha ilishika ukungu, lakini tundu lilisema kweli: ukiingia, picha inatoka. Leo waya unaingia kwa ulaini wa ajabu, na kazi ya kujua umeingilia nini ndiyo kwanza inaanza.

Nianze na nyinyi wa HDMI Forum. Novemba 2017 mlitutangazia toleo la 2.1: gigabiti 48 kwa sekunde, picha ya 4K inayobadilika mara 120 kwa sekunde, na kioo kinachofuata mwendo wa mchezo unaochezwa. Tukashangilia. Mwaka 2021 ofisi inayosimamia leseni zenu ikafafanua kwamba toleo la 2.0 halipo tena. Limemezwa na 2.1, na mambo mapya yote ya 2.1 ni ya hiari. Maana yake, monita yenye uwezo wa 2.0 tu ina haki ya kuitwa 2.1, mradi muuzaji aorodheshe inachoweza. Hii ni hoteli iliyoandika "pilau" ubaoni, kisha mhudumu anakuja kukueleza kwa adabu kwamba nyama, bizari na mchele ni vya hiari, ila sahani ni ya uhakika.

Kwa watumiaji wa Linux hamkuacha hata sahani. Februari 2024 ilijulikana kwamba mmekataa pendekezo la AMD la kuiweka 2.1 kwenye programu huria inayoendesha kadi zake za picha. Na Januari 2025 mkatangaza 2.2, gigabiti 96. Tumeipokea kwa unyenyekevu. Mkiamua tena kulifuta toleo lililotangulia, naomba mniarifu mapema, ili siku monita yangu inapopanda daraja bila kwenda kozi niweze kuiandalia hafla.

VESA msicheke. Kwa waya wenu wa picha, DisplayPort, hamtozi ada kwa kila kifaa, na kwa hilo Mungu awazidishie. Lakini DisplayPort 2.1, ya mwaka 2022, inaweza kuwa ya gigabiti 40, 54 au 80, na zote zikaandikwa namba ileile kwenye boksi. Mmeweka vyeti vya DP40 na DP80 ili tuzitofautishe. Ni jambo jema, isipokuwa cheti huombwa na anayetaka kupimwa.

Sasa nije kwa USB Implementers Forum, ambao kesi yenu ina kurasa nyingi. Mwaka 2014 mlitupa USB-C: kichwa kimoja, kinaingia juu chini, chini juu. Hatimaye, tukasema, dunia imepata waya mmoja. Kumbe mlitupa umbo mkabaki na maana. Waya uliokuja na simu unaweza kuwa wa megabiti 480 tu, mwendo wa USB 2.0 ya mwaka 2000, wala hauwezi kubeba picha hata moja. Mwingine wenye kichwa kilekile unabeba gigabiti 40 na umeme wa kuchaji laptopu nzito. Ukiziweka pamoja mezani, hata mama yao hazitambui. USB 3.0 nayo mliibadilisha jina ikawa 3.1 Gen 1, kisha 3.2 Gen 1, na mwendo umebaki gigabiti tano zilezile tangu siku ya kwanza. Mwaka 2022 mliona aibu kidogo, mkaagiza nembo zitaje gigabiti na wati kwa namba. Nawapongeza. Ila nembo hizo nazo ni za waliopitia milango yenu ya uthibitisho, na nyaya nyingi za Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ziliingia kupitia dirishani.

Ruhusuni nieleze kinachomkuta mnunuzi, maana huenda nyaraka zenu hazifiki huko. Ndani ya USB-C mna njia nne za mwendo kasi. Picha na data zinagawana njia hizo. Katika monita nyingi zinazotumia mwendo wa DisplayPort 1.2, picha ya 4K mara 60 kwa sekunde inazitaka zote nne. Ikizichukua, data inasukumwa kwenye ile njia ya zamani ya megabiti 480. Hapo diski uliyochomeka mgongoni mwa monita inakuwa ya kubembelezwa, na tundu la mtandao lililotangazwa kuwa la gigabiti moja linakabwa koo. Ukiziachia data njia mbili, picha inashuka hadi mara 30 kwa sekunde, na kishale cha mausi kinatembea kama kinahesabu hatua. Uamuzi huo mzito, wa kuchagua macho au mikono, umefichwa kwenye menyu ya monita, ngazi ya tatu, chini ya maneno ambayo hayataji picha wala diski. Kwenye boksi kumeandikwa tu: waya mmoja kwa kila kitu.

Gharama ya ukimya huo hailipwi kwenye vikao vyenu. Inalipwa kaunta. Mteja anauliza, "Waya huu unakubali 4K?" Muuzaji anaugeuza, anautazama kichwani, anautazama mkiani, hakuna maandishi popote. "Unakubali, bosi. Ukikataa rudisha." Kijana huyo si tapeli. Amesoma kila kitu mlichoandika kwenye waya, na hamkuandika kitu.

Najua mtajitetea kwamba nyinyi mnaandika viwango tu, wanaopunguza ni viwanda. Utetezi huo ungekuwa na uzito kama viwanda vingekuwa vinakaa mahali pengine. Wajumbe wenu ndio viwanda. Wanaketi kwenu asubuhi kupitisha kwamba jambo fulani ni la hiari, na mchana wanarudi makwao kuitumia hiari hiyo. Kiwango kinachomruhusu kila mtu kufanya apendavyo, kisha kikampa nembo moja na mwenzake, hakijapima kitu, kimechapisha nembo.

Mkikaa kimya muda mrefu, wapo wengine wanaopenda kuandika sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 sheria ya kwamba simu, tableti, kamera na vifaa vingine vya mkononi vitumie USB-C, ikaanza kazi tarehe 28 Desemba 2024, na laptopu zikapewa hadi Aprili 2026. Sheria hiyo inataka hata wati za kuchajia zionyeshwe kwenye kifaa kinapouzwa. Monita hazimo kwenye orodha. Bado.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, kwa ajili ya monita zijazo naomba yafuatayo.

Mosi, kila tundu liandikwe kando yake, kwa herufi zinazosomeka bila tochi ya simu: picha gani, data kiasi gani, wati ngapi. Asiyeandika asipewe nembo. Namba za matoleo bakini nazo vikaoni. Sisi tupeni gigabiti na wati. Na matundu yenyewe yatazame pembeni. Yanapotazama sakafu, kuchomeka waya kunakuwa ibada ya kupiga magoti.

Pili, waya mmoja uwe mmoja kweli: picha kamili, data kamili, mtandao, na umeme unaotosha. Tangu 2021 kiwango chenu kinaruhusu wati 240 kupitia USB-C. Monita inayotoa wati 65 kwa laptopu inayokula 100 haichaji. Inaahirisha tu kuzimika.

Tatu, na hili ni ombi la sisi tunaoishi na umeme wenye ratiba zake. Umeme ukikatika, laptopu ina betri na inaendelea na kazi, lakini monita inazima na kuondoka na nusu ya kazi. Kioo cha inchi 24 chenye mwanga wa wastani kinakula wati ishirini hivi. USB-C inajua kubadili upande unaotoa umeme, na vioo vidogo vya kusafiria tayari vinakula kutoka kwenye laptopu. Monita ya mezani nayo ifundishwe adabu hiyo: umeme ukienda, ipunguze mwanga, iombe wati chache kwa laptopu au pawabenki, na iache mtu amalizie sentensi. Umeme ukirudi, ikumbuke tundu ililokuwa inatumia, isianze kuzunguka matundu yote kupiga hodi.

Nne, mwanga. Laptopu inapunguza mwanga wa kioo chake kwa kitufe kimoja. Kwa monita, VESA mliandika DDC/CI mwaka 1998, lugha ambayo kompyuta inaweza kuitumia kuiambia monita iongeze au ipunguze mwanga. Ni zaidi ya robo karne sasa, na wengi wetu bado tunapapasa vitufe vitano visivyo na alama chini ya kidevu cha monita, tukitafuta mwanga na kupata lugha ya Kikorea. Ifanyeni lugha hiyo iwe ya lazima, na vitufe vya kompyuta viifuate. Mkishindwa, wekeni kirungu cha kuzungusha, kama redio za zamani zilivyokuwa nacho.

Tano, monita ibaki monita. Tangu 2020 Samsung inauza monita zenye mfumo wa Tizen zinazoonyesha filamu bila kompyuta, na anayezipenda azifurahie. Lakini kioo cha kazi hakipaswi kuomba bando, nenosiri la waifai, na idhini ya kurasa arobaini kabla ya kuonyesha barua ya ofisini. Kioo kisicho na intaneti hakiwezi kurushiwa tangazo wala kuzeeshwa na sasisho. Andikeni nembo ya kioo kisichojua lolote. Nitakuwa wa kwanza kukinunua.

Sita, transfoma ikae ndani, na waya wa umeme uwe ule wa kawaida wa pini tatu uliojaa kila duka. Lile tofali jeusi linaloning'inia nyuma ya meza likiungua, mtu anasaka mwenzake mwezi mzima kwa kupima volti na unene wa pini.

Hakuna nililoliomba ambalo halijavumbuliwa. Kila kipande kipo, na vingi vimo kwenye nyaraka zenu, kwenye kurasa zile zenye neno "hiari". Kwa hiyo sihitaji tume, warsha wala toleo la 3.0. Nahitaji mtu mwenye kalamu nyekundu akae mchana mmoja na nyaraka hizo, akate neno hilo, aandike "lazima", aende zake nyumbani.

Naomba kuwasilisha. Jibu la barua hii ni la lazima. Salamu na pongezi ni za hiari.

Wenu katika kuchomeka na kuchomoa,

Mtumiaji wa Monita,
Dar es Salaam.

Nakala:
Muuza nyaya, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo – kwa taarifa.
Tume ya Umoja wa Ulaya, Brussels – kwa ufuatiliaji, endapo wahusika watajiuma-uma.